Salamu za Foni ya Kilimani

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua ya kwanza ya msimu. Tumepanda maharagi kwenye shamba langu la juu, mimi na jirani yangu Kayitesi. Ni desturi yetu ya miaka yote: leo kwangu, kesho kwake. Kabla ya shamba, saa moja asubuhi, nilifungua foni. Alikuja mtu mmoja tu, naye alitaka kuchaji tochi.

Naandika humu kwa sababu mkono wangu umezoea kuandika tarehe, saa na hali ya hewa. Jina langu ni Athanasie, mjane, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa operata wa foni ya koperative ya wakulima hapa kilimani, mwendo wa masaa matatu kwa mguu juu ya mji mdogo wa Mweso. Atakayesoma haya kesho kutwa huenda asijue foni ni kitu gani. Ni redio ya kusemea: sanduku la chuma, betri ya gari, mikrofoni yenye kifungo, na waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia. Wawili hawawezi kusema kwa pamoja, kwa hiyo kila mmoja akimaliza hutamka "Nakuachia", ili mwenzake ajue zamu imefika.

Telefone haijawahi kushika huku ila juu ya jiwe moja ukingoni, tena siku za jua. Aliyetaka habari ya ndugu yake wa Kibua, Mushaki ao Goma alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi, akangoja jina lake liitwe.

Jumatano, 10 Septemba

Estelle, mtoto wa marehemu mdogo wangu, amepanda kutoka Goma na pikipiki mbili. Moja imembeba yeye, ya pili imebeba sahani nyeupe ya satelite, pano za kuvuna umeme wa jua na betri ndogo kama matofali. Koperative imempa chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na foni yangu.

"Mama Mukubwa, hii sahani inasema na mbingu moja kwa moja," aliniambia huku akiifunga juu ya bati. "Batu batakuwa banaonana ku sura."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha sana inakatika kidogo, kisha inarudia."

"Basi ni kama foni yangu," nikasema.

Alicheka, akaendelea kukaza vyuma vyake.

Jumamosi, 13 Septemba

Zamani Jumamosi ilikuwa siku kubwa hapa. Watu walifika umande haujakauka, wamevaa kama wanaoenda misani. Benchi lilijaa, wengine walisimama nje chini ya dirisha. Nilipomwita mwenzangu wa Kibua, wote walinyamaza, hata watoto wachanga. Papa Polycarpe, operata wa Kibua, ana sauti nzito kama ngoma ya kanisa. Aliposema "fulani amezaa, mutoto ni musichana, mama iko muzima", benchi zima lilipiga makofi, hata wasiomjua mzazi. Furaha ya mmoja ilikuwa ya wote, na mwenye msiba hakuachwa aende nyumbani peke yake.

Leo walikuja wanne. Kwa Estelle nilihesabu thelathini. Wamekaa bega kwa bega, kila mmoja amejiinamia kwenye kioo chake. Nikapita mbele ya mlango nikasalimia. Aliyeitika ni mmoja.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 27 Septemba

Kayitesi amepata telefone ya kioo. Mwanawe Tuyizere, fundi wa pikipiki kule Goma, ndiye aliyemtumia. Estelle amemfundisha kugusa, kuvuta, kuita. Kisha Kayitesi akaniita na mimi nije nione.

Kwenye kioo alikuwa Tuyizere, na mkononi mwake mtoto wa miezi minane ambaye Kayitesi hajawahi kumwona, maana barabara za kwenda Goma si za kupita mtu kwa kutaka tu. Mtoto alifungua kinywa, Kayitesi akaona jino.

"Athanasie, angalia. Iko na jino."

Alirudia hivyo mara nyingi, tena kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kumwamsha. Mimi niliangalia. Nimekaa kwenye mikrofoni miaka ishirini na miwili. Foni haijawahi kumwonyesha bibi jino la mjukuu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo palizi kwa Kayitesi. Tulikuwa tumeinama mstari kwa mstari, akasema bila kuinua kichwa:

"Estelle ameona groupe ya batu ba Kibua mu telefone. Miye nitatuma sauti mule. Nitauliza Byamungu."

Jembe langu lilikwama kwenye mzizi. Nilisema, "Baada ya miaka yote hii?"

"Kama iko hai, ninataka kujua. Kama alikufa, ninataka kujua vilevile."

Nimerudi nyumbani. Nitaandika jambo hili, maana sijamwambia mtu hapa kilimani.

Byamungu ni mume wa Kayitesi. Mwaka 2009 alikwenda Walikale kwenye kazi ya mawe ya madini, akarudi mara moja tu, mwaka uliofuata, akamwachia mkewe mimba, akashuka tena. Habari zake zilikuja kwa foni. Jumamosi ya 16 Aprili 2011, mapema kabla watu hawajafika, Papa Polycarpe aliniita akasema Byamungu amesimama pale pembeni yake na ana ujumbe. Niliuandika kwenye kaye, daftari la foni, kama kawaida. Ulisema Kayitesi asimngoje tena. Ameoa kule Kibua. Akipata mwanaume mwema, aende, yeye hatamsumbua. Nikajibu: nimekupata.

Siku tano kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mtoto wa Kayitesi, aliyeishi siku nane. Asubuhi ile Kayitesi aliingia kwangu amefunga kitambaa cha msiba, matiti yanamvuja maziwa, akaketi. Akauliza, "Bwana yangu amesema nini?" Mimi nikatazama kaye, nikasema, "Anakusalimia. Mvua ni nyingi, barabara imekatika."

Nilijiambia ni wiki moja tu, apate nguvu, nikamwomba na Papa Polycarpe anyamaze. Jumamosi iliyofuata alikuja amenawa uso, amechana nywele. Nikampa salamu nyingine. Na nyingine. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili, mpaka nikaogopa uongo wenyewe, ndipo nikaanza kusema "hakuna habari". Mwaka wa mwisho wa zile salamu, Jean-Marie seremala, mgane mpole wa upande wa Mushaki, alipanda kilima kumposa. Kayitesi alimjibu kwamba mume wake yu hai na anamsalimia. Jean-Marie akaoa kwingine.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilimwita Papa Polycarpe mapema. Wimbi la foni husikiwa na kila mwenye foni, kwa hiyo nilisema kwa kuzunguka.

"Kibua, Kibua, hapa Kilima. Papa, ule muntu wa mawe bado iko kule? Nakuachia."

Mvua ikakwaruza ndani ya sanduku.

"Iko. Mama, miaka kumi na ine ninanyamaza juu wewe njo uliniomba. Lakini yeye mwenyewe akiniuliza, nitamujibu. Siwezi kuongopea muntu mu masikio yake. Nakuachia."

Nikajibu kwamba nimempata. Nilikaa na mikrofoni mkononi mpaka ikapata joto.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kayitesi ametuma sauti yake kwenye ile groupe. Aliirudia mara tatu kabla ya kuridhika.

Jumamosi, 11 Oktoba

Alipita kwa Estelle. "Amejibu?" "Bado, Mama."

Jumatatu, 13 Oktoba

"Amejibu?" "Bado."

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua ya mawe. Majani ya maharagi shamba la chini yametoboka. Nasikia kila kitu kupitia ukuta. "Amejibu?" "Bado, Mama, lakini batu makumi mbili bamesikia."

Jumamosi, 25 Oktoba

Jambo la kuchekesha. Estelle alisema ni aibu nimesema na Papa Polycarpe miaka kumi na tisa bila kujua sura yake. Huko Kibua pia wana sahani, na mtoto wake ana telefone. Estelle aliomba picha, ikaja mara hiyohiyo.

Mimi nilikuwa nimemjenga kichwani: mrefu, kifua kipana, ndevu. Kwenye picha kuna mzee mfupi, mwembamba, amevaa kofia ya sufu, shati limemzidi mabega. Niliangalia kwa muda. Nikamwambia Estelle, "Huyu si yeye." Estelle akacheka mpaka akakaa chini.

Baadaye nilimsikia tena kwenye foni, ile sauti ya ngoma, na yule mrefu mwenye ndevu akarudi kichwani mwangu. Nimeamua kubaki naye.

Jumapili, 2 Novemba

Misa. Padri alisoma majina ya wafu wa mwaka. Kayitesi alikaa karibu nami, akanipa nusu ya kitambaa chake kwa kuwa mvua ilinilowesha. Nilisema moyoni: tukitoka, namwambia. Tulitoka. Nilimwambia maharagi yanaanza kutoa maua.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikwenda kwake na neno limekaa mdomoni. Nilimkuta anacheka na mjukuu kwenye kioo. Nikarudi. Kila siku ninayochelewa, najua ule ukuta wa udongo kati ya foni na sahani unazidi kuwa mwembamba.

Estelle ananishangaza. Nilimfikiria msichana wa mjini asiyejua watu. Leo nilimwona akimpeleka mama mmoja nyuma ya nyumba kabla ya kumfungulia ujumbe, kwa sababu ameona uko na picha ya jeneza. Alikaa naye kwenye majani, akamshika magoti, ndipo akamwonyesha. Hakuna aliyemfundisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Nilikuwa peke yangu kwenye foni. Kayitesi aliingia, hakuketi. Aliweka telefone juu ya meza, kando ya mikrofoni, akagusa kioo. Sauti ya mwanaume ikatoka, imezeeka, lakini niliijua.

"Kayitesi, njo miye Byamungu. Nimesikia sauti yako, nilishangaa. Nilikutumia habari mu foni tangu elfu mbili na kumi na moja. Nilikuambia usiningoje. Mama Athanasie njo alipokea, Papa Polycarpe alimutumia mbele yangu, na alijibu nimekupata. Miye nilifikiri unajua. Niko na bibi huku na batoto ine. Nilifikiri na wewe ulisha kuolewa. Kama unaweza, unisamehe."

Akagusa tena. Sauti ikarudi kutoka mwanzo. Akagusa mara ya tatu. Kwenye foni neno likipita limepita. Unaweza kulikana, unaweza kusema wimbi lilikuwa baya. Hii ilirudi mara tatu, na kila mara ilitamka jina langu vilevile.

"Uliipokea?" aliuliza.

"Niliipokea."

"Na zile salamu?"

"Nilizitunga."

"Zote?"

"Zote, tangu ile Jumamosi baada ya mazishi."

Alitazama mikaratusi dirishani. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Kila Jumamosi nilikuwa ninafika nyumbani, ninawakalisha batoto, ninawaambia baba amesema hivi na hivi," alisema. "Nilikuwa ninasema na jina la Mungu juu yake. Jean-Marie aliniomba mara mbili. Nilimujibu niko na bwana."

Nilitaka kusema habari ya yule mtoto tuliyemzika, na maziwa, na uso wake siku ile. Neno lilifika mdomoni nikalimeza. Ingekuwa kumtumia yule mtoto mara ya pili.

"Dada, nimekosa," nikasema.

"Usiniite dada leo."

Alichukua telefone akaondoka. Aliacha mlango wazi, mvua ikaingia mpaka miguu ya benchi.

Siku zote nimejivunia kwamba foni ilikuwa na mtu katikati. Niliwaambia vijana wa Estelle: mashine yenu inamtupia mtu habari usoni, ila sisi tulimwangalia kwanza aliyekuja, tukachagua neno na saa yake. Sasa najiuliza ni nani aliyenipa mimi haki ya kuchagua. Kayitesi alikuja kwangu kuchukua kitu chake, mimi nikakikalia miaka kumi na minne.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilipika sombe, majani ya muhogo, nikampelekea. Alipokea chungu mlangoni, akamimina sombe kwenye sahani yake, akakiosha chungu, akanirudishia.

Jumamosi, 22 Novemba

Hakuna mtu kwenye foni.

Jumamosi, 29 Novemba

Rais wa koperative, Papa Damascène, alikuja na barua iliyopigwa muhuri. Betri ya foni imekufa nusu, mpya haipatikani, na watu wote wako upande wa pili wa ukuta. Foni inafungwa leo. Alikuwa na haya, alizungusha kofia yake vidoleni.

"Mama Athanasie, ulitusaidia sana. Mu vita vya ile miaka, kama si wewe, batoto bangapi hawangeonekana?"

Ni kweli. Nilitafuta watoto waliopotea njiani, jina kwa jina, kituo kwa kituo, kuanzia Mweso mpaka Walikale. Kumi na mmoja walirudi kwa mama zao. Hiyo nayo niliifanya kwa mdomo huuhuu.

Nilimwita Kibua mara ya mwisho.

"Papa, wanafunga. Nakuachia."

"Nimesikia. Hata huku watafunga mwaka mupya. Mama, ulimwambia? Nakuachia."

"Aliyemwambia ni Byamungu. Mimi nilichelewa. Nakuachia."

"Na miye nilichelewa na wewe. Tulikuwa wawili. Usibebe peke yako." Nikasikia jogoo wa Kibua akiwika nyuma yake, kama nilivyomsikia jogoo wa Kibua miaka yote hii. "Sauti yako ilikuwa inafungua siku yangu. Nakuachia."

Nilibonyeza kifungo. Nikakiachia. Papa Damascène akafungua waya.

Jumamosi, 6 Desemba

Jua. Nimevuna maharagi peke yangu. Kwa kawaida tunayapiga wawili kwa fimbo, yeye upande huu mimi upande ule, na mkono mmoja unaamsha mwingine. Peke yako unachoka upesi. Nilimaliza turubali moja tu.

Saa moja asubuhi bado naamka, najikuta nimesimama uani na sina pa kwenda.

Jumamosi, 13 Desemba

Kayitesi alikuja. Nilikuwa napepeta. Alikaa juu ya gunia lake mwenyewe, mbali kidogo.

"Kaye ya ile mwaka iko wapi?"

Niliingia ndani nikaitoa. Panya wamekula pembe, lakini wino upo.

"Nisomee. Kama vile alisema."

Nikasoma: "Tarehe kumi na sita Aprili, saa moja na dakika ishirini, mawingu. Kutoka Kibua. Byamungu kwa Kayitesi. Asimngoje tena. Ameoa Kibua. Akipata mwanaume mwema, aende. Yeye hatamsumbua. Watoto wabaki na mama yao." Ndipo nikafika mwisho wa mstari, kwenye nafasi ya sahihi ya mwenye kupokea ujumbe. Ilikuwa tupu.

Aliomba kalamu. Hajui kuandika sana. Alichora jina lake polepole, K, A, Y, mpaka mwisho. Kisha akainuka.

"Twende kwa Estelle. Batoto wangu banajua baba yao alikuwa anawasalimia. Batasikia kweli na sauti yako, si yangu."

Estelle alishika telefone mbele ya kinywa changu. "Mama Mukubwa, bonyeza hapa, sema, ukimaliza achia." Mimi niliyekataa kuigusa tangu Septemba nikabonyeza. Niliwaambia Tuyizere na dada yake Claudette kila kitu, na tarehe, na kwamba mama yao hakujua, na Jean-Marie pia sikumficha. Mwishoni mdomo wangu ulisema wenyewe "Nakuachia". Estelle aliuliza kama nifute nianze upya. Kayitesi akasema, "Tuma vile iko."

Jumapili, 14 Desemba

Alama zimegeuka buluu. Wamesikia. Hawajajibu.

Jumatatu, 15 Desemba

Tuyizere amejibu mama yake, si mimi. Kayitesi hakunisikilizisha, na sikuomba.

Jioni Claudette, binti yake ambaye ni mwalimu huko Mushaki, alinitumia mimi ujumbe wa sauti kupitia telefone ya Estelle. Estelle alinifungulia.

"Mama Athanasie, ni Claudette. Nimesikia. Niko na swali moja. Nilipomaliza darasa la sita mama alitaka niache masomo, nimusaidie shamba. Kisha salamu ilikuya mu foni: baba anasema Claudette aendelee na masomo. Hiyo pia uliitunga?"

Nilikumbuka. Alikuwa akija na mama yake, na wakati wa kungoja alikuwa anasoma majina ya kaye yangu yakiwa yamepinduka juu chini, bila kukosea. Kayitesi aliponiambia atamtoa shuleni, Jumamosi iliyofuata Byamungu akawa na maoni kuhusu masomo.

Nilibonyeza nikasema, "Niliitunga."

Jumanne, 16 Desemba

Claudette: "Leo nilisahihisha mitihani, kisha nilibaki mu klasi peke yangu. Sijui nikushukuru ao nikukasirikie. Sasa ninakukasirikia, kwa ajili ya mama. Ile ingine nitaiangalia nyuma, siku ingine."

Nimemwomba Estelle aiweke isipotee.

Ijumaa, 19 Desemba

Estelle anasema wazee wengi wanapata ujumbe wa kuandikwa na hawajui kusoma. Vijana wanawasomea harakaharaka, ao kwa kuwacheka. Anataka nikae kwake asubuhi, niwasomee na kuwaandikia majibu.

Nilimwambia lazima niulize kwanza.

Kayitesi alikuwa uani kwake, anapiga maharagi. Nilieleza nikiwa nimesimama. Fimbo yake haikusimama, ilipanda na kushuka, maganda yakaruka mpaka miguuni pangu.

"Soma kama vile iko," alisema mwishowe. "Usiongeze kitu."

"Sitaongeza."

Hakunipa fimbo. Nilikaa kidogo, kisha nikaenda.

Jumatatu, 22 Desemba

Ukungu asubuhi, kisha jua. Siku yangu ya kwanza kwa Estelle.

Aliyeanza ni Mukashema, bikizee wa bondeni, macho yake yamefunikwa na weupe. Mwanawe anafanya kazi Walikale. Alileta telefone ndani ya kitambaa, ameifunga fundo mbili. Nikaifungua, nikamsomea:

"Mama, sitakuya Noeli. Kazi ni mingi. Barabara mubaya. Tutaonana mwaka mupya."

Alingoja, kichwa ameinamisha upande wangu.

"Njo vile tu?"

"Njo vile tu, Mama."

"Hakunisalimia?"

Salamu ilikuwa tayari mdomoni mwangu, nzuri, ya mtoto mwema, na ingemtosha mpaka Pasaka. Estelle alikuwa ananitazama. Nikaangalia kioo tena, mstari kwa mstari, nisije nikawa nimeruka neno.

"Hapana, Mama. Hakuandika salamu."

Mukashema alikunja kile kitambaa juu ya goti, akakikunjua, akakikunja tena.

"Basi umwandikie," alisema. "Sema, Mama anakusalimia."

Nikaandika: Mama anakusalimia. Nikamsomea nilichoandika, akaitikia kwa kichwa kwamba iko sawa, nami nikatuma.